Bei Aliyokubali Marehemu

Kwa miaka mingi sasa, Watanzania wa Dallas na Houston wakitaka kununua gari hunipigia simu mimi kwanza. Sijawahi kuuza magari. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za hospitali, na nilijifunza kama nilivyojifunza mengine yote, kwa kusoma vitabu vya maelekezo mpaka mwisho, pamoja na kurasa ambazo watu huziruka. Nilipopunjwa kwenye gari langu la kwanza hapa Texas, nilianza kusoma mikataba ya magari kwa namna hiyo hiyo. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa najua yadi ya magari inaficha wapi ada zake kwenye kila karatasi. Watu wakaanza kunichukua niende nao, kama anavyochukuliwa mshenga kwenda kuposa: mnunuzi anakaa kimya, mimi naongea. Nimekuwa mshenga wa magari thelathini na moja. Hili ninaloliandika ni la thelathini na mbili.

Lilikuwa gari la rafiki yangu. Tulisoma pamoja sekondari Tanga, na baadaye tukajikuta wote tuko Texas, yeye Katy, mimi Richardson, mwendo wa saa nne na nusu kwa gari kama barabara haina ajali. Alianguka kazini kwake, kwenye ngazi, saa tano asubuhi, na hakuinuka. Nilikwenda kumzika. Mkewe alikaa eda, miezi minne na siku kumi, kama ilivyo kwetu. Sheikh alimwambia anaweza kwenda kazini mchana na kurudi, kwa kuwa hana wa kumlisha. Lakini kwenda yadi kukaa meza moja na wanaume na kubishana bei, hapo mwenyewe aliona haifai.

Na bei ilikuwa inamsubiri. Gari lile marehemu alikuwa amelichukua kwa lisi, kama tunavyosema huku: unalitumia miaka mitatu kwa malipo ya kila mwezi, kisha unalirudisha, au unalinunua kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Miaka mitatu ilikuwa inaisha katikati ya eda. Katy bila gari huwezi hata kununua mkate, na gari la kiwango kile kwa bei ile hangelipata tena. Kwa hiyo katika wiki ya tisa alinipigia.

"Shemeji, njoo unisemee," alisema. "Bei iko kwenye mkataba, lakini najua watamwaga maji kwenye uji."

"Ni nani unayeongea naye pale yadi?"

"Kuna kijana Mkongo. Anajua Kiswahili. Nenda tu Jumamosi, atakuwepo."

Niliona jibu lile halijakaa sawa, lakini sikuuliza zaidi. Nilichukua basi la alfajiri ili nirudi Richardson kwa basi la jioni, maana gari langu lilikuwa na kazi nyingine.

Nilimkuta sebuleni, amevaa nguo nyeupe za eda, mkataba uko mezani umekunjuliwa. Nilisoma kurasa zote kumi na moja. Bei ya kununua ilikuwa dola elfu kumi na tisa na mia nne, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba yadi inaweza kuongeza chochote isipokuwa kodi na usajili. Nikamwambia hivyo. Akaniletea ufunguo.

"Huu ni wake," alisema. "Wangu sijui nimeuweka wapi."

Niliingia gerejini kwao, nikafungua mlango, nikakaa. Nilipobonyeza kitufe cha kuwasha, kiti kikaanza kurudi nyuma chenyewe. Kilirudi taratibu, kwa mlio mdogo wa mota, kikasimama mahali ambapo miguu yangu haikufika kwenye breki. Kioo cha kushoto nacho kikainuka, nikaona dari la gereji badala ya njia. Usukani ukashuka. Mimi natengeneza mashine. Najua kwamba ufunguo ule ulikuwa umehifadhi vipimo vya mwenyewe, na gari lilifanya lilichoagizwa. Rafiki yangu alinizidi kimo kwa zaidi ya kiganja. Hata hivyo nilikaa pale dakika nzima nikiwa nimenyoosha miguu hewani ndani ya umbo lake. Nikabonyeza vitufe mpaka kiti kikanitosha. Kwenye skrini palikuwa na maandishi: simu yake imeunganishwa. Nilipotoka barabarani na kupita nyumba ya tatu, yakabadilika: simu yake inatafutwa.

Yaliendelea kutafuta njia nzima mpaka yadi.

Yadi ile ipo upande wa kusini-magharibi wa Houston, kuelekea Sugar Land. Jua lilikuwa kali na anga jeupe. Magari mapya yalikuwa yamepangwa mistari mirefu, na sikuona mtu katikati yake. Nilipozima injini, kiti kikarudi nyuma tena. Nikashuka nikiwa nimejishika mlangoni, maana sakafu ilikuwa imenikimbia.

Kijana alitoka kwenye mlango wa kioo akija moja kwa moja kwangu, akitabasamu, mikono miwili mbele. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, shati limenyooshwa vizuri.

"Mzee," alisema. "Mzee, leo umefika kabisa. Mimi nilikuwa nawaza hautakuja, utaendelea tu kunipiga na maneno kwa simu."

Alinishika mkono, akashika na kiwiko, kwa heshima. Nilifungua mdomo nimwambie mimi ni nani.

"Nilikuwa nawaza uko mrefu," akaongeza huku akicheka. "Katika maandishi yako uko mrefu."

Sikusema kitu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu la kweli ni kwamba katika kazi ya ushenga nimejizoeza kumwacha mtu wa yadi aongee kwanza mpaka aishiwe. Mazoea yalininyamazisha dakika moja, na baada ya dakika moja ilikuwa vigumu kuanza.

Tulikaa kwenye kichumba chenye kuta za kioo. Aliniletea chai, si kahawa. "Sukari mbili," alisema, "unaona sijasahau." Mimi sinywi sukari. Rafiki yangu alikunywa na mbili. Nikanywa.

"Sasa, mzee, nataka uone nilichofanya," akasema. Akaweka simu yake mezani na kuivuta juu kwa kidole. "Angalia tulikotoka."

Nikaangalia. Ulikuwa mfululizo mrefu wa ujumbe. Wa kwanza ulikuwa wake, karibu wiki tano nyuma: alijitambulisha, akasema ameona jina kwenye faili akadhani mwenyewe ni mtu wa Kiswahili, akauliza kama bado analitaka gari. Chini yake palikuwa na jibu: Ndiyo. Siku iliyofuata jibu lilikuwa refu zaidi. *Kwanza, salamu. Pili, hiyo ada ya makaratasi ni ya makaratasi gani, ya dhahabu? Tatu, sijakuomba unipake rangi ya kinga, gari lina miaka mitatu na halijababuka.*

Nililisoma mara mbili. Rafiki yangu aliandika hivyo tangu shule. Aliandika hivyo barua za kuomba ruhusa, barua za kumposa mkewe, na ujumbe wa kuniuliza kama nimefika salama. Kwanza, pili, tatu, na daima ya tatu ndiyo yenye mwiba. Nilipiga hesabu ya wiki kwa vidole chini ya meza. Wakati ujumbe ule unaandikwa, alikuwa kaburini wiki nne.

"Ukanipiga sana hapa," kijana alisema, akionyesha. "Hapa nilienda kwa mkubwa, nikatoa rangi. Hapa nikatoa ada ya ukaguzi. Hapa ukakataa tena." Akacheka. "Mke wangu anauliza kila siku saa moja ya jioni, huyo mzee wa *kwanza-pili* ameandika nini? Anapenda kusoma."

"Jana?" niliuliza. Lilikuwa neno langu la kwanza tangu nikae.

"Jana ulisema utafika wewe mwenyewe, tumalize kama wanaume." Akanitazama. "Sauti yako iko mzito, mzee. Ndivyo nilisikia tu kichwani, nikisoma."

Nikasogeza kikombe. Kuta zile za kioo zilikuwa zinatuonyesha mimi na yeye mara tatu, na katika mojawapo nilikuwa nimekaa nyuma kidogo kuliko nilivyokuwa nimekaa.

"Bei ya mwisho," nilisema.

Ninaandika hili kwa sababu lilitokea: nilijadili bei. Nilimwambia mkataba unasema elfu kumi na tisa na mia nne, na yeye bado yuko mia nne juu ya hapo, na hiyo mia nne inaitwa ada ya makaratasi, na mimi ninalijua jina lake jingine. Akacheka mpaka akapiga meza.

"Ni wewe kabisa," alisema. "Ngoja."

Akaenda kwa mkubwa wake. Nilimwona kwa mbali, nyuma ya kioo cha tatu, akiongea na mtu aliyekaa, akininyooshea kidole. Mtu yule aliinama kunitazama, akatikisa kichwa kukubali. Kijana akarudi karibu anakimbia.

"Sufuri. Bei ya mkataba, kodi, usajili, basi. Sababu umekuja mwenyewe. Nilimwambia huyu ni kama baba, si kliyanti, si mteja tu." Akaweka karatasi mbele yangu na kalamu juu yake. Jina kamili la rafiki yangu lilikuwa limechapwa chini ya mstari. "Nipe leseni yako nitoe kopi."

Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya haki, na sikuwahi kuipata kwa urahisi hivyo. Niliitazama kalamu. Najua saini yake. Nimeiona kwenye kadi za Idi kwa miaka ishirini. Mkono wangu ulikuwa juu ya meza, si kwenye kalamu, lakini haukuwa mbali.

"Leseni nimeiacha nyumbani," nilisema. Ulikuwa uongo, na ndio pekee niliousema kwa mdomo.

"Haina shida. Uko na mpaka Jumatatu." Akanisindikiza mpaka kwenye gari, akanifungulia mlango. Kabla sijaingia akasema, bila kicheko sasa, "Na ile shauri ulinipa kuhusu mwanangu, mzee. Niliifanya. Tangu Jumatano ananijibu Kiswahili mezani. Si kila siku, lakini anajibu."

Nikasema vizuri. Nikaingia kwenye kiti kile kilichorudi nyuma, nikaondoka nikiendesha kwa ncha za vidole vya miguu mpaka kwenye taa za kwanza, ndipo nilipokumbuka kukivuta.

Skrini iliendelea kutafuta simu yake. Niliingia Katy mchana, mitaa mitupu, nyumba zote za rangi moja na milango yote ya gereji imefungwa. Nilipofika kwenye mlango wao na kuingia gerejini, skrini ikatulia: simu yake imeunganishwa. Kisha gari likasema.

Lilisema kwa sauti ya mwanamke wa Kimarekani, ile ya mashine, likitamka Kiswahili kwa herufi za Kiingereza, polepole, kila silabi mahali pasipo pake. Ilinichukua muda kuelewa kwamba linamsomea marehemu ujumbe mpya. *Mzee asante kwa kuja leo. Umekonda kuliko nilivyowaza. Kula vizuri.* Halafu likauliza, kwa Kiingereza, kama nataka kujibu.

Nilizima injini. Kiti kikarudi.

Shemeji alikuwa sebuleni pale pale nilipomwacha. Simu ya marehemu ilikuwa mapajani mwake, imechomekwa kwenye chaja, na waya umevutwa kutoka ukutani mpaka kwenye kochi. Alikuwa ameshausoma ujumbe.

"Hukumwambia," alisema.

"Na wewe hukuniambia."

Hakujitetea. Alisema ujumbe wa kwanza uliingia siku ambayo alikuwa ameishika ile simu ili aifunge laini. Kijana alikuwa ameuliza kama mzee bado analitaka gari. Akaandika ndiyo, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo. Kesho yake kijana akatuma bei yenye mapambo yote, na shemeji akajikuta anajua mume wake angejibu nini, neno kwa neno, na vidole vikaandika.

"Miaka ishirini na mbili nimekaa pembeni yake akibishana bei," alisema. "Samani, nyumba, mbuzi wa Idi. Sikuwa nabuni, shemeji. Nilikuwa nasikia, naandika. Saa moja jioni kijana anatuma, mimi nasikia jibu."

"Unasikia vipi?"

"Kama unavyosikia mtu yuko chumba cha pili." Akaniangalia kuona kama namwona mwendawazimu. "Najua hayupo. Mimi ndiye niliyemwosha miguu. Lakini kuna mtu mmoja Houston nzima ambaye kwake yule mtu yuko hai, anakunywa chai, anakataa bei. Nikisaini kwa jina langu, basi."

Nilimwambia bei niliyopewa. Akafumba macho, akatabasamu kidogo, kwa namna ya mtu anayempongeza mwingine. Kisha akasema jambo nililokuwa naliogopa tangu kalamu.

"Umeshaonekana. Anakujua wewe ndiye yeye. Leseni yake iko kwenye droo. Nyie wote mna ndevu na miwani, Mzungu gani atawatofautisha?"

"Yule si Mzungu."

"Shemeji."

"Kalamu ilikuwa karibu," nilisema. "Sitaki kuwa karibu nayo tena."

Nilimweleza kama ninavyoeleza mikataba, bila kupaza sauti. Saini ya marehemu ni kosa la jinai, na kijana ndiye aliyeandika kwamba mteja amekuja mwenyewe. Likijulikana, yeye ndiye wa kwanza kufukuzwa. Bei ya mkataba haikutolewa kwa hisani, iliandikwa, na mirathi inaweza kuidai bila mtu yeyote kujifanya marehemu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama nina hakika na hiyo ya mirathi. Nikasema niliisoma, ukurasa wa tisa: mteja akifa, bei inaisubiri mirathi, na kwamba itachukua wiki kadhaa zaidi na cheti cha kifo.

Akachukua simu yake mwenyewe, si ile nyingine. Akanakili namba kwa kusoma tarakimu moja moja. Akaweka sauti ya wazi, nami nisikie.

"Mimi ni mke wa yule mzee wa gari," alisema. "Mjane wake."

Kwa nyuma tulisikia redio ya yadi.

"Mama, samahani. Mjane namna gani? Mzee ametoka hapa saa nane."

"Huyo ni shemeji yangu. Mzee alifariki, hii ni wiki ya tisa."

"Wiki ya tisa," kijana alirudia. Nikamsikia anavuta kiti, anakaa. "Basi nani alikuwa ananiandikia, Mama?"

"Mimi."

Hakukata simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na ingekuwa haki yake. Badala yake tukasikia pumzi zake.

"Mimi nilimwambia mambo ya mwanangu," alisema mwishoni.

"Najua. Niliyasoma."

"Na ile shauri ilikuwa ya nani? Ya kumsomea hadithi kwanza, halafu kuuliza?"

Shemeji aliangalia kule jikoni, kama mtu anayeuliza. "Ya kwake," alisema. "Ndivyo alivyofanya kwa wanetu walipokuwa wadogo. Mimi nilikuandikia tu."

Kijana akasema pole, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Halafu, kwa kuwa alikuwa kazini, alisema karatasi sasa zitabadilika, mkubwa atataka ada ya makaratasi irudi, maana punguzo lilikuwa la mteja aliyekuja.

"Hapana," shemeji alisema. Si kwanza, si pili. "Mkataba unasema kumi na tisa na mia nne. Nitasubiri mirathi, nitaleta cheti, nitalipa hiyo. Ukiongeza dola moja, nalirudisha gari lako na harufu ya mzee ndani, uliuze wewe."

Sijawahi kusikia mtu akijadili bei namna ile. Hakuacha mlango wowote wazi. Kijana akasema ngoja, akaenda, akarudi baada ya dakika nne. Akasema sawa, Mama. Ya mkataba.

Shemeji alipokata, alibaki ameshika simu yake kifuani. Nikamwambia ameifanya kazi yangu vizuri kuliko mimi. Ile simu nyingine ilikuwa imewaka mapajani mwake. Aliitazama bila kuigusa, kisha akanisukumia mimi niisome.

Kijana alikuwa ameandika kwake, kwa marehemu, kwa namba ile ile. *Mzee, Mama ameniambia. Pole sana. Ile bei uliyotaka, nimemupatia. Sitaandika tena.*

Nilimsomea kwa sauti. Alisikiliza kwa namna aliyonieleza, kichwa kimeinama upande wa chumba cha pili. Nilisubiri. Sijui kama alisikia kitu, mimi sikusikia. Baada ya muda alinyoosha mkono akachomoa waya wa chaja, akaiweka simu mezani juu ya mkataba. Betri yake ilikuwa mbovu; bila waya haikai hata nusu saa. Akaniuliza basi langu ni la saa ngapi, akaenda kupasha wali. Tulikula, naye akinitazama kama nakula vya kutosha, na tulipomaliza simu ilikuwa imezima.